Kubuni Huduma ya Kuwakutanisha Wataalamu na Makundi ya Mtandaoni: Mwongozo kutoka Mwambao wa Ziwa Victoria

Katika makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa samaki wa vizimba kuanzia Igombe hadi Kayenze, ujumbe unaoingia mara nyingi kuliko mwingine wowote una maneno matatu: “Samaki wanakufa, msaada.” Nyuma yake hufuata picha ya sato wawili wanaoelea ubavu, kisha majibu kumi na manne kutoka kwa watu kumi na wanne, huyu akisema ni chakula, yule akisema ni maji, wa tatu akitaja dawa ya kuku. Mtaalamu aliyesomea magonjwa ya samaki yumo humohumo kundini, ila alizima arifa za kundi hilo siku nyingi zilizopita, kwa sababu simu ilikuwa ikilia usiku kucha kwa salamu, mahubiri na matangazo ya viwanja.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kujenga huduma itakayokaa katikati ya watu hao wawili. Mifano yangu inatoka Mwanza na visiwa vya ziwani kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi, lakini hatua zenyewe zinawafaa vilevile wakulima wa pamba wa Kwimba, wakaushaji wa dagaa, au kundi la kina mama wanaonyonyesha. Jambo ninaloliamini, na ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, ni kwamba ukanda huu haukosi wataalamu. TAFIRI ina kituo chake cha utafiti wa uvuvi hapa Mwanza, chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kipo Misungwi, na hospitali ya Bugando iko kilimani inaonekana na kila mtu. Maswali nayo hayajawahi kupungua. Kinachokosekana ni swali lililoandaliwa, yaani swali ambalo mtaalamu akilifungua anaweza kulijibu kwa dakika tano bila kuuliza kitu kingine, pamoja na njia ya kulirudisha jibu palepale swali lilipotoka. Huduma ikiyafanya hayo mawili, mengine yote unaweza kuyaongeza baadaye.

Kaa na mtaalamu kwanza

Wabunifu wengi huanza na waulizaji, kwa kuwa ndio wengi na ndio wanaolalamika. Mimi pia nilianza hivyo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya simu yenye usajili, picha za wataalamu na nyota za kuwapima. Ilinichukua miezi mitano, na wataalamu wanne wakakubali kujiunga kwa kunistahi tu. Kufikia wiki ya tatu, watatu walikuwa hawaifungui tena. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja aliniambia, “Nimebanwa kidogo, nitaingia,” na yeyote aliyeishi mjini hapa anajua kwamba maneno hayo ndiyo kwaheri yenyewe.

Nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo ndicho nilichokuja kukifanya baadaye. Nilimwomba yule wa nne, mwalimu wa ufugaji wa samaki, anikubalie nikae naye jioni moja nyumbani kwake nione anavyoyajibu maswali yanayomfikia simuni. Alianza saa tatu usiku, baada ya chakula, mtoto akiwa amemlalia mapajani, akiandika kwa kidole gumba kimoja. Swali la kwanza lilisema, “Samahani madam, vifaranga havikui.” Akauliza vina umri gani. Akasubiri. Akauliza vimenunuliwa wapi. Akasubiri tena. Akauliza vipo vingapi kwa kila kizimba, kisha vinalishwa nini, kisha vinalishwa mara ngapi kwa siku. Jibu alilolitoa mwishoni, kwamba vifaranga vilikuwa vingi mno kwa kizimba kile na chembe za chakula zilikuwa kubwa kuliko vinywa vyao, alilisema kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Mazungumzo yote yalikuwa yamekula dakika arobaini na moja. Nilirudi nyumbani na daftari lenye maswali matano aliyokuwa akiyarudia kwa kila mtu, na hayo matano ndiyo yaliyozaa huduma tuliyonayo sasa.

Fanya hivyo na wataalamu wasiopungua watano wa fani moja kabla hujachora skrini hata moja. Usiwaulize wangependa programu ya namna gani, kwa sababu watakujibu kwa adabu na utaondoka mikono mitupu. Tazama wanachofanya, na uandike neno kwa neno kila swali wanalomrudishia muulizaji. Mwisho wa kikao umwulize kila mmoja saa ambazo anakubali kusumbuliwa, maswali ambayo hataki kabisa kuyaona, na idadi ya maswali anayoweza kuyajibu kwa wiki. Idadi atakayoitaja igawe kwa mbili, kwa sababu watu hukutajia hesabu ya wiki yao nzuri, na wiki nzuri ni chache.

Swali linavyoandaliwa

Turudi kwenye “Samaki wanakufa, msaada.” Kwa mtaalamu, maneno hayo yanaweza kumaanisha upungufu wa oksijeni majini, ugonjwa wa bakteria, chakula kilichoota ukungu, majeraha ya kusafirisha vifaranga, msongamano ndani ya kizimba, au sumu iliyoingia kutoka nchi kavu. Hawezi kuchagua bila kuuliza. Kazi ya huduma ni kuuliza kwa niaba yake, kwa mpangilio ambao yeye mwenyewe angeufuata, kabla swali halijamfikia.

Tunaanza na wakati: samaki walionekana wakihangaika muda gani wa siku? Mchana, mimea midogo ya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, lakini usiku mimea hiyohiyo huitumia oksijeni pamoja na samaki, kwa hiyo kiwango chake hushuka polepole usiku kucha na kufika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Samaki wanaopanda juu alfajiri wakihema kwa midomo, kisha wakatulia jua likishapanda, wanaeleza jambo tofauti kabisa na samaki wanaokufa mmojammoja wakati wowote wa siku wakiwa na vidonda. Kati ya Juni na Agosti, pepo za kusini-mashariki zinapoyachanganya maji ya ziwa na kuyapandisha yale ya chini yenye oksijeni kidogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwenye kizimba asitishe chakula na kuwapunguza samaki, au achukue sampuli na kuipeleka ikapimwe.

Hapohapo ndipo tulipojikwaa. Muulizaji mmoja aliandika kwamba samaki walianza kuhema “saa kumi na moja”. Fomu yetu ilikuwa imeundwa kwa saa za kompyuta, ikaandika 11:00, na mtaalamu akasoma saa tano asubuhi. Alihangaika siku nzima kutafuta ugonjwa ilhali tatizo lilikuwa hewa. Tangu siku hiyo hatuulizi saa kwa tarakimu. Muulizaji hubonyeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na mtaalamu huyaona maneno hayohayo.

Maswali yanayofuata ni kama waliokufa ni wa kizimba kimoja au vyote, kama jana walikula kama kawaida au walikikataa chakula, kama kuna mfuko mpya wa chakula uliofunguliwa karibuni, na maji yana rangi gani. Picha tunaomba mbili tu: moja ya samaki mmoja aliyelazwa juu ya kitu cheupe, nyingine ya mashavu yaliyofunuliwa ili rangi yake ya ndani ionekane. Picha ya samaki kumi waliorundikwa mchangani humtia mtaalamu huzuni bila kumweleza lolote. Jumla ya maswali isizidi saba. Tulipoongeza la nane, waulizaji walianza kuacha njiani, na la nane lenyewe halikuwa na maana kubwa. Tuliliweka kwa sababu mfadhili mmoja alitaka takwimu za umri.

Uandae pia orodha ya maneno yanayomaanisha kitu kimoja, na uiongeze kila wiki. Anayeandika “kambale” na anayeandika “mumi” wanauliza samaki yuleyule, na mfumo usiojua hivyo utaligawa jibu moja mara mbili. Ruhusu sauti tangu siku ya kwanza, maana watu wengi wenye maarifa ya kueleza tatizo vizuri kwa mdomo hulieleza vibaya sana kwa maandishi. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia pale Kiswahili kinaponyooka, lakini mvuvi wa Ukerewe anayechanganya Kikerewe na Kiswahili, huku injini ya mtumbwi ikinguruma nyuma yake, bado anahitaji sikio la binadamu. Tenga mtu wa kusikiliza na umlipe.

Jambo la mwisho katika kuandaa swali ni jibu la kusubiria. Mtaalamu wako anafungua simu saa tatu usiku. Samaki wanakufa sasa hivi. Kwa kila aina ya swali la dharura, mwombe mtaalamu akuandikie mapema sentensi mbili au tatu ambazo haziwezi kumdhuru yeyote hata kama chanzo bado hakijajulikana: acha kulisha, ondoa waliokufa usiwatupe ziwani, usiweke dawa yoyote. Sentensi hizo zitumwe zenyewe mara swali linapopokelewa, zikiwa na jina la aliyeziidhinisha.

Lifuate kundi lilipo

Kishawishi kikubwa cha mbunifu ni kulihamisha kundi kuingia katika programu yake. Nakushauri usijaribu. Watu hawa tayari wana mahali pao, wana utani wao, wana admini wanayemjua, na wengi wananunua bando la siku linaloihudumia WhatsApp na mitandao mingine michache. Ukiwaambia wapakue kitu kipya, watakwambia simu imejaa, na mara nyingi ni kweli.

Kwa hiyo admini ndiye mwenyeji wako. Ukifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kwa shughuli yoyote humpiti mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, kana kwamba humwoni. Na kundi la mtandaoni lina desturi hiyohiyo. Mwendee kabla ya kumtumia ujumbe mtu mwingine yeyote, umweleze huduma inafanya nini, nani anailipia, na namna ya kuiondoa kundini akichoka nayo. Wasiwasi wake utakuwa mmoja kati ya miwili: ama kwamba unataka kuwachukua watu wake, ama kwamba utaanza kuwauzia vitu. Mwahidi kwa maandishi kwamba hutafanya lolote kati ya hayo, na utimize.

Mtiririko tulioufikia baada ya kukosea mara kadhaa uko hivi. Mwanakundi anauliza swali kundini kama alivyozoea, au analituma moja kwa moja kwa namba ya huduma. Likiwa kundini, admini analielekeza kwa namba hiyo. Maswali saba ya maandalizi yanaulizwa faraghani, kamwe si mbele ya kundi. Sababu ya faragha tuliijua kwa mwenye kizimba mmoja wa Sengerema aliyejibu maswali yote mbele ya watu mia na hamsini: jioni ileile wachuuzi wawili walimpigia simu wakitaka kuwanunua samaki waliobaki kwa nusu ya bei, kwa hoja kwamba “wataisha wote”. Swali likishakamilika linakwenda kwa mtaalamu, mtaalamu anajibu kwa sauti au maandishi, na jibu linarudi kundini bila jina la muulizaji isipokuwa ameruhusu mwenyewe. Jibu lirudi kundini, hilo usilegeze. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika makundi ya mtandaoni takriban asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndiyo huandika sehemu kubwa ya yote. Jibu linaloishia faraghani linawanyima wale tisini.

Zingatia pia ratiba ya kazi ya watu unaowahudumia, ambayo huenda haifanani na wiki yako. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa wakati wa giza, na hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Tulikuwa tukituma mafunzo ya kukausha dagaa juu ya vichanja kila Jumatatu, na tukashangaa kwa nini wiki fulani yanasomwa sana na wiki nyingine hayasomwi kabisa, hadi mama mmoja wa mwalo wa Kirumba alipocheka na kutuuliza kama hatuna kalenda ya mwezi. Sasa tunatuma kwa mbalamwezi, watu wanapokuwa nchi kavu na wana nafasi ya kusikiliza.

Usikimbilie kununua au kuandika mfumo. Kwa wiki sita za mwanzo uwe wewe mwenyewe ndio mfumo: simu moja, namba moja, jedwali moja la kompyuta lenye safu za swali, majibu ya maandalizi, mtaalamu aliyepelekewa, saa aliyojibu na kilichotokea. Utachoka, lakini utajua ni hatua ipi inayostahili mashine na ipi isiyostahili. Wenye simu za kitochi wasisahaulike katika jedwali hilo. Wao hutuma ujumbe mfupi wa kawaida, na jibu la sauti hugeuzwa kuwa maandishi ya sentensi tatu kabla ya kuwarudia.

Nani aitwe mtaalamu

Hapa kuna mitego miwili, na watu waliotutangulia wameingia katika yote. Mtego wa kwanza ni kuweka kizingiti kirefu kupita kiasi. Mwaka 2000 ilianzishwa Marekani ensaiklopidia ya mtandaoni iliyoitwa Nupedia, iliyoandikwa na wasomi na kupitiwa kwa hatua saba kabla makala haijakubaliwa. Mwaka wake wa kwanza ilikamilisha makala 21. Januari 2001 wenyewe wakaanzisha Wikipedia kando yake, isiyo na kizingiti hicho, na iliyobaki inajulikana. Lakini asitokee mtu akakuambia kwamba somo la Nupedia ni kuondoa uhakiki wote. Makala yenye kosa kuhusu historia itasahihishwa kesho. Ushauri wenye kosa kuhusu dawa ya samaki, au ya mtoto, hauna kesho hiyo.

Mtego wa pili ni kukiita cheti peke yake utaalamu. Mzee aliyevua miaka thelathini kati ya Ukerewe na Kome anajua mahali ambapo mkondo utavunja kizimba, na hana karatasi yoyote ya kuonyesha. Sisi tunatumia alama mbili, na hatuzipangi moja juu ya nyingine. Alama ya kwanza ni ya aliyesajiliwa na chombo cha taaluma yake, kama Baraza la Veterinari Tanzania kwa madaktari wa mifugo au Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari wa binadamu. Namba yake ya usajili tunaihakiki kwa chombo chenyewe, wala hatutosheki na picha ya cheti. Alama ya pili ni ya mzoefu, anayependekezwa na wenzake watatu wa kazi hiyohiyo kutoka mialo miwili tofauti. Maswali ya dawa, vipimo na magonjwa yanakwenda kwa wenye alama ya kwanza tu. Maswali ya mahali pa kuweka kizimba, nyavu, wizi na upepo yanakwenda kwa yeyote kati yao, na mara nyingi majibu bora yanatoka kwa wazee.

Kila mtaalamu ataje pia anauza nini. Mshauri mwenye duka la chakula cha samaki si lazima awe mwongo, ila msomaji ana haki ya kujua kabla hajaambiwa abadilishe chakula. Kuna pia maswali ambayo hayamhusu mtaalamu wa samaki hata kidogo: kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na masuala ya tathmini ya athari kwa mazingira yako kwa chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Swali la namna hiyo lipewe maelezo ya ofisi husika mara moja, lisizungushwe kwa wataalamu wasiohusika.

Katika kuligawa swali, lipeleke kwa mtu mmoja kwa jina, kwa muda maalumu, na likimshinda lihamie kwa mwingine. Huduma ya Kimarekani iliyoitwa Aardvark, ambayo Google iliinunua mwaka 2010 na kuifunga mwaka uliofuata, ilijengwa juu ya wazo hilo la kumtafuta mtu anayefaa badala ya kuutangazia umma, na hata kama yenyewe haikudumu wazo lake nimelishuhudia likifanya kazi. Tulipokuwa tukiliweka swali mbele ya wataalamu wanane kwa pamoja, kila mmoja alidhani mwenzake analishughulikia. Tulipoanza kulituma kwa mmoja tukimwambia “hili ni lako hadi kesho saa nne asubuhi”, majibu yakaanza kuja.

Malipo

Google nayo iliwahi kuendesha huduma ya majibu ya kulipia iliyoitwa Google Answers, kuanzia mwaka 2002 hadi mwishoni mwa 2006 ilipoacha kupokea maswali mapya. Muulizaji alitaja bei yake, kati ya dola 2 na dola 200, na mtafiti akajibu kwa malipo hayo. Majibu mengi yalikuwa ya kina. Ila bei kwa kila swali humfanya muulizaji apime kama swali lake linafaa fedha, na mwenye kizimba ambaye samaki wake wanakufa kwa mara ya kwanza hajui kama swali lake lina thamani. Ndiyo maana anauliza.

Sisi tunalipa zamu, hatulipi jibu. Mtaalamu anashika zamu ya jioni mbili kwa wiki na analipwa kiasi kilekile kwa mwezi hata kama maswali yalikuwa matatu. Ukilipa kwa jibu utapata majibu mengi mafupi. Hili nimeliona kwa macho yangu na sitaki kulirudia. Fedha zinatoka kwa kundi lenyewe, kwa njia ambayo kila Mtanzania anaijua, yaani mchango: watu mia mbili wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi ni shilingi 200,000, na mweka hazina wa kundi huzipokea kwa M-Pesa au mtandao mwingine na kuweka orodha hadharani. Baadhi ya makundi hayawezi, na hapo utahitaji mfadhili. Ufadhili wa kampuni za pembejeo ndio unaopatikana upesi na ndio unaoharibu upesi, kwa sababu hiyo mimi naukataa, ingawa najua wenzangu wanaoupokea kwa masharti.

Kama mtaalamu ni mtumishi wa umma, kwa mfano afisa uvuvi wa halmashauri, zungumza na mwajiri wake kabla ya kumpa hata vocha. Barua moja mapema itakuepushia wewe na yeye maelezo marefu baadaye.

Taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya simu ya mwenye kizimba ni taarifa binafsi. Sauti yake pia. Jisajili, mwombe ridhaa kwa lugha anayoielewa, na usihifadhi kitu ambacho jibu halikihitaji. Huduma inayogusa afya za watu ina masharti makali zaidi, na ningeomba ushauri wa mwanasheria kabla ya kuigusa.

Majibu yaliyokwisha kutolewa

Baada ya miezi michache utakuwa na majibu mia kadhaa, na nusu ya maswali mapya yatakuwa yamewahi kujibiwa. Stack Overflow, tovuti ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008, ilipata nguvu kwa kuyakusanya majibu na kuyafunga maswali yanayojirudia. Lakini mwaka 2018 wenye tovuti wenyewe walikiri hadharani kwamba wageni wengi hawajisikii kukaribishwa. Kumwambia mtu aliyepoteza samaki mia tano kwamba swali lake limekwisha ulizwa ni kumfukuza. Mpe jibu la zamani kama jibu, kwa salamu na kwa sauti ya mtaalamu yuleyule, kisha umwulize kama hali yake inafanana. Akisema haifanani, lipeleke kama swali jipya bila kumhoji.

Kila jibu liwe na tarehe ya kukaguliwa upya. Ushauri kuhusu oksijeni utadumu miaka. Ushauri kuhusu bei ya vifaranga haudumu mwezi. Na kanuni za uvuvi hubadilika, hivyo jibu lolote linalotaja ukubwa wa samaki au wa tundu la nyavu tunaliondoa lenyewe baada ya miezi sita hadi mtaalamu atakapolithibitisha tena. Kwa ukaguzi huu tumewahi kulikuta jibu letu wenyewe likimshauri mtu jambo ambalo tayari lilikuwa limekatazwa. Lilikuwa limesambazwa upya mara nyingi kuliko jibu jingine lolote mwezi ule.

Usipime huduma kwa wingi wa ujumbe, kwani kundi lililochanganyikiwa huandika kuliko kundi lililosaidiwa. Tunahesabu vitu viwili: muda kati ya swali kukamilika na jibu kufika, na idadi ya waulizaji waliorudi kutueleza kilichotokea. Hili la pili halitokei bila kuombwa. Siku ya 14 baada ya jibu, namba ya huduma inamwandikia muulizaji sentensi moja: “Ulifanya alivyokushauri? Ikawaje?” Anachojibu, hata kama ni sauti ya sekunde kumi, kinapelekwa kwa mtaalamu aliyejibu kabla ya kuhifadhiwa popote. Yule mwalimu wa saa tatu usiku huzisikiliza sauti hizo kabla ya kufungua maswali mapya, na ameniomba nisizifupishe.